Mazungumzo ya Juma: Watu wa Miti na Kazi ya Hiari

Kila zinapokaribia mvua, vijana wa makanisa, wa shule na wa vilabu vya mpira hufika ofisini kwetu kuuliza miche yapatikana wapi, na ni kilima kipi kilicho wazi wakipande. Ni jambo la kufurahisha sana, wala sitaki mtu anidhanie kuwa nawakatisha tamaa. Lakini nimeona yafaa juma hili niwaeleze habari za vijana wengine, waliojitolea miaka zaidi ya mia moja iliyopita katika nchi yetu hii hii, mahali paitwapo Muguga, karibu na Kikuyu. Katika habari zao mna swali ambalo sisi wa leo hatupendi kuulizana: ni kitu gani kinachomfanya kijana akubali kazi isiyo na ujira, na ni kitu gani kinachomrudisha kuitazama kazi ile baada ya wageni kwenda zao?

Mwaka 1920 alifika Kenya Mwingereza mmoja jina lake Richard St. Barbe Baker, aliyesomea elimu ya misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akatiwa kazini katika Idara ya Misitu. Aliiona nchi ya Wakikuyu ikipungukiwa miti upesi upesi, mierezi na mizeituni ya porini ikianguka na udongo ukishuka mitoni. Wakubwa wengi wa siku zile walimlaumu mkulima, ya kwamba akata msitu, alima misimu michache, kisha ahamia mahali pengine. Maneno hayo yalikuwa na ukweli, ila ulikuwa ukweli nusu. Mashamba mengi yalikuwa yametwaliwa na walowezi, hata mtu aliyezoea kuliacha konde lake lipumzike hakuwa na nafasi ya kuliacha tena. Hali kadhalika viwanda vya kupasua mbao vilikuwa na njaa yao, na magari ya moshi ya reli yalikuwa yakichoma kuni.

Baker aliwaendea wazee, akawaambia kwamba yafaa watu wapande miti. Wazee wakamjibu ya kuwa kupanda miti ni shauri ya Mungu. Wengi wamelisimulia jibu hilo kwa kicheko, kana kwamba lilitoka kwa watu wasiojua kitu. Mimi naona lilikuwa jibu la watu wenye akili. Katika nchi ile mugumo haukukatwa ovyo, kwa kuwa chini yake ndipo palipofanyiwa sala na sadaka. Na msitu ulijiotesha wenyewe tangu zamani za mababu, bila mtu kuchimba shimo. Kwa nini basi mtu mwenye kazi ya kutosha shambani ajitwike kazi ambayo Mungu ameifanya siku zote bila kuomba msaada?

Hapo ndipo yule ofisa alipofanya jambo ambalo maofisa wengi hawalifanyi. Hakurudi ofisini kuandika amri. Alikaa akatazama namna watu wenyewe wanavyofanya, akaona kwamba kila kazi kubwa ya shamba ina ngoma yake: kuna ngoma ya kupanda maharagwe, kuna ngoma ya mavuno. Akauliza mbona hakuna ngoma ya miti. Wazee wakalitazama shauri hilo, wakakubali. Katika kazi hiyo alishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, ambaye mwanawe, Charles Njonjo, baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru.

Ngoma hiyo ilichezwa Muguga mwezi wa Julai, 1922. Baker mwenyewe ameandika kwamba walikuja vijana wa rika la vita wapatao 3,000, wamejipamba kama ilivyo desturi. (Habari zake nyingi twazipata kutoka kwake, naye alikuwa msimuliaji hodari, kwa hiyo msomaji akitaka kuipunguza hesabu hiyo kidogo, sitamgombeza.) Walipokwisha kucheza, aliomba wajitokeze wale watakaokuwa tayari kuipanda na kuitunza miti, na katika waliojitokeza wakachaguliwa 50 wa kwanza. Wakaitwa Watu wa Miti. Kila mmoja alitoa ahadi tatu mbele ya wazee: kutenda tendo moja jema kila siku, kupanda miti kumi kila mwaka, na kuitunza miti po pote atakapokuwa.

Nataka tusimame hapo kidogo, kwa sababu ni rahisi kuisoma habari hii kama hadithi ya kupendeza na kuusahau mwaka wenyewe. Mwezi wa Machi, 1922, miezi minne tu kabla ya ngoma ile, Harry Thuku alikamatwa mjini Nairobi. Alikuwa akisema juu ya kipande, juu ya kodi iliyoongezwa, juu ya mishahara iliyopunguzwa, na juu ya wasichana na wanawake waliokuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai, na tarehe 16 Machi wakapigwa risasi, wakafa zaidi ya 20. Muguga si mbali na Nairobi. Haiwezekani kwamba vijana wale hawakuzijua habari hizo. Waliokuja kucheza mwezi wa Julai walikuwa watoto wa nchi iliyokuwa na matanga, nao waliombwa kazi bila ujira na ofisa wa serikali ile ile.

Wengine watasema walidanganywa kwa ngoma. Mimi siamini, kwa maana kijana wa 1922 alijua vizuri sana tofauti ya kazi ya lazima na kazi ya hiari. Alikuwa akiionja ya lazima kila siku. Tofauti aliyoiona Muguga ilikuwa ya wazi. Aliyemwita alipitia kwa wazee wake kwanza. Alimwita kwa desturi yake mwenyewe, wala hakumletea askari. Kazi aliyoombwa ilikuwa na hesabu inayoeleweka, miti kumi kwa mwaka, ambayo mtu mmoja aweza kuimaliza bila kuacha shamba lake. Tena ahadi yake ilikuwa ya mwaka baada ya mwaka, wala haikuwa ya siku moja. Na zaidi ya hayo yote aliitwa kwa jina la heshima. Mtu huyo huyo ambaye ofisini alikuwa nambari ya kipande, hapo alikuwa Mtu wa Miti.

Baker hakukaa sana Kenya. Alikwenda kufanya kazi Nigeria, na chama chake kilianzishwa Uingereza mwaka 1924 kwa jina lililofasiriwa kutoka Kiswahili, kikaenea katika nchi nyingi, na hata leo kingalipo kwa jina lingine. Alifariki Kanada mwezi wa Juni, 1982, mwenye umri wa miaka 92. Na mahali pale pa Muguga, kama wasomaji wengi wajuavyo, ndipo yalipo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya.

Sasa tazameni ngoma nyingine. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu juu ya mmomonyoko wa udongo, na hofu yenyewe haikuwa ya uongo. Katika wilaya ya Murang'a watu waliamriwa kuchimba matuta ya kuzuia maji mlimani, siku kadhaa za kila juma, chini ya usimamizi wa machifu, na asiyefika alishitakiwa. Waliofika kwa wingi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mijini na katika mashamba ya walowezi wakitafuta fedha ya kodi. Mwezi wa Julai, 1947, mkutano mkubwa uliofanyika Murang'a uliamua kwamba wanawake wasiende tena katika kazi hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, wanawake wapatao 2,500 walikwenda mpaka makao makuu ya wilaya wakicheza na kuimba, kuwajulisha wakubwa kwamba hawatachimba, kwani kazi ya nyumbani yawatosha.

Mwaka 1922 vijana walicheza kwa kukubali. Mwaka 1948 mama zetu walicheza kwa kukataa. Udongo ulikuwa ule ule mwekundu, wala hakuna mkulima asiyejua kwamba tuta lililochimbwa vema lafaa. Na matuta yale yalipata jina baya ambalo halikuwa kosa la matuta. Baada ya Uhuru, mahali pengi watu waliyaacha yabomoke, na wengine waliyalima juu yake kwa furaha, kama mtu anayerarua hati ya deni.

Huko Machakos mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ijapokuwa yalianza kwa ubaya kama huo. Ukamba wakati wa miaka ya 1930 ilikuwa nchi iliyotajwa kwa huzuni katika kila taarifa, makorongo kila upande na ng'ombe wamekonda. Mwaka 1938 serikali ilijaribu kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, nao wakatembea mpaka Nairobi kupinga, kiongozi wao akiwa Muindi Mbingu. Lakini katika miaka ya 1950 kazi ya matuta ilianza kufanywa kwa mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana kazi kwa zamu, kama vile ngwatio kwa Wakikuyu. Watu walijichagulia viongozi wao wenyewe, na shamba lililochimbwa leo lilikuwa la fulani, kesho la jirani yake. Huko ndiko tuta la fanya juu lilikopata sifa: mtu achimba mtaro kuufuata usawa wa kilima, autupa udongo upande wa juu, na miaka inapopita udongo unaoshuka hujaa nyuma ya kingo mpaka shamba linakuwa kama ngazi. Jina hilo la Kiswahili leo limeandikwa hivyo hivyo katika vitabu vya kilimo vya nchi za mbali. Watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya mwaka 1932 na 1989, na wataalamu waliochunguza jambo hilo, wakachapisha kitabu chao mwaka 1994, waliona kwamba ardhi ilikuwa inahifadhiwa vizuri kuliko zamani ilipokuwa na watu wachache.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya vijana wa leo. Serikali imeweka shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba, 2023, nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wakapande. Siku kama hizo zina faida yake. Mtoto wa mjini aliyeshika mche kwa mara ya kwanza siku ile hatausahau. Lakini sisi makarani tunaokaa wilayani twaona pia yanayofuata. Katika tarafa moja niliyopata kufanya kazi, kundi la vijana wa kujitolea lilipelekwa kwa lori kupanda miti katika mteremko juu ya mto. Walifanya kazi kwa bidii, wakaimba, wakapigwa picha, wakarudi. Baada ya miezi mitatu wawili wao walikwenda kuitazama, wakakuta vijiti. Bibi mmoja mwenye boma jirani akawaambia, “Wajukuu zangu, mlipanda miti au mliwapandia mbuzi wangu chakula? Mbona hamkuniuliza wanapita wapi?”

Vijana wale hawakuwa na neno la kujibu, wala mimi siwalaumu sana. Aliyewapeleka aliwapa miche, jembe na soda. Hakuna aliyewapa mtu wa kumwuliza. Tena ripoti iliyokwenda juu iliandika idadi ya miche iliyopandwa, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Fomu haikuwa na safu ya miti iliyo hai.

Marehemu Profesa Wangari Maathai aliliona jambo hili mapema. Alipoanzisha kazi ya Green Belt mwaka 1977 pamoja na wanawake wa vijijini, wanawake wale walipewa fedha kidogo kwa kila mche waliouotesha, lakini hawakulipwa siku ya kupanda. Walilipwa baada ya mti kuonekana umeshika na kuishi. Fedha yenyewe ilikuwa senti chache tu. Nguvu ya mpango ilikuwa katika hesabu: mti uliokufa haukuhesabiwa. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, wanawake hao walikuwa wamepanda miti ipatayo milioni 30. Ningependa fomu zetu za serikali ziige hesabu hiyo, na siku moja nitamwandikia mkubwa wangu barua juu yake, akiwa katika hali nzuri.

Kwa vijana watakaokwenda mlimani msimu huu, nitayasema machache ambayo wazee wa vitalu wamenifundisha. Chimbeni mashimo kabla ya mvua, kiasi cha sentimita 45 kwenda chini na upana kama huo, na udongo wa juu wenye rutuba muutenge na ule wa chini. Msipande kwa mvua ya kwanza. Ngojeni hata ardhi ilowe ndani. Mche umwagilieni maji jana yake. Karatasi ya plastiki iondolewe yote, bila kuvunja donge la udongo lililoshika mizizi, na plastiki zenyewe zirudi nyumbani, zisiachwe mlimani ng'ombe wakazila. Udongo wa juu, uliochanganywa na samadi, ndio utangulie kuingia shimoni. Mkishindilia kwa mguu, shindilieni kwa upole. Nyasi kavu zitandazeni kuzunguka mche, lakini zisiuguse, mchwa wasije wakapata njia. Mikaratusi msiipande kando ya mto wala chemchemi, ijapokuwa yakua upesi na fedha yake yapendeza. Hunywa maji mno. Karibu na maji pandeni miti ya asili ya mahali penyewe, na kama hamwijui, mwulizeni mzee, kwani yeye ajua ni mti gani ulikuwapo hapo alipokuwa akichunga mbuzi.

Kisha gaweni miti. Kundi la watu 20 likipanda miti 200, kila mmoja achukue kumi, kama Watu wa Miti wa Muguga, na jina lake liandikwe katika daftari moja linalowekwa na katibu. Andikeni tarehe tatu za kurudi: baada ya mwezi mmoja kupalilia, mwishoni mwa kiangazi kuhesabu walio hai, na mvua zinazofuata kujaza mapengo. Kijana akihama kwenda Nairobi au Mombasa kutafuta kazi, na wengi wenu mtahama, miti yake kumi akabidhiwe mwingine mbele ya wenzake, kama vile mtu akabidhivyo funguo za ofisi.

Jambo la mwisho lahusu ardhi yenyewe, nalo ndilo linaloleta magomvi mengi tuyaonayo mezani petu. Mkipanda katika shamba la mtu, miti itakuwa ya nani ikikua? Nani ataruhusiwa kukata matawi ya kuni, na nani atauza nguzo? Ikiwa ni ardhi ya shule au ya umma, nani atakayeulizwa? Msiseme mtalizungumza baadaye. Mwendeeni mwenye mahali kabla shimo la kwanza halijachimbwa, mkiwa pamoja na mzee wa kijiji na mashahidi wawili, mwandike karatasi moja fupi na kila mtu atie sahihi au alama ya kidole gumba. Nakala moja abaki nayo mwenye shamba, moja ikae kwa katibu wenu, na ya tatu mniletee mimi au karani mwenzangu aliye katika tarafa yenu, tuiweke katika jalada. Na yule bibi mwenye mbuzi naye aitwe siku hiyo, awaonyeshe njia mbuzi wake wanayopita.